Nyayo za Ng'ombe wa Plastiki

Ng'ombe mwenyewe hakuwahi kula hata unyasi mmoja, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameibwa, na watu walimkasirikia mwizi wake kana kwamba ameondoka na ng'ombe mwenye ndama tumboni.

Inspekta Jenoveva Werema alisimama katikati ya uwanja wa kituo cha sanaa, nje kidogo ya Butiama, akilitazama jukwaa tupu la saruji. Alikuwa ametoka Musoma bila kunywa chai. Mkuu wake alikuwa amemwambia, "Nenda kaangalie hiyo kesi ya ng'ombe wa takataka," kisha akacheka mpaka akakohoa. Jenoveva hakucheka. Alikulia kwenye boma, na kwao neno ng'ombe likikutana na neno wizi, mtu mwenye akili huvaa viatu kwanza, kicheko baadaye.

"Nionyeshe alivyokuwa," alimwambia Flora, mratibu wa kituo, aliyekuwa amelia mpaka wanja umemfika mashavuni.

Flora akamnyooshea simu. Kwenye picha alisimama fahali mkubwa kuliko fahali wa kweli, ameinua kichwa kama aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Nundu yake ilikuwa ya ndala zilizokatwa vipande vyembamba na kupangwa kama magamba ya samaki, nyekundu ikififia kuwa kahawia, kahawia ikizama kwenye nyeusi, mpaka misuli ikaonekana. Ngozi ya shingo iliyoning'inia ilikuwa ya nyavu za uvuvi zilizochanika. Mbavu zilikuwa chupa za maji zilizominywa, na jua lilikuwa limepita ndani yake likatoka upande wa pili. Jenoveva aliitazama picha ile muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji.

"Huyu kaundwa na nini hasa?"

"Na vilivyokuwa kwenye kijito cha Nyamisabi, afande. Msanii wetu, Wankyo, na kikundi cha kina mama wameokota mwaka mzima. Jumamosi ndiyo uzinduzi. Wageni wanatoka mpaka Dar es Salaam."

"Kazi nzuri," alisema Jenoveva, kisha akajikasirikia kwa kusema. Yeye wasanii alikuwa akiwaweka kundi moja na wapiga ramli. "Wankyo yuko wapi?"

"Jana alisema anakwenda Bunda kununua waya. Simu yake haipatikani."

Koplo Ngusa, dereva na msaidizi wake, Msukuma wa Maswa asiyejua kunyamaza, aliandika neno Bunda na kulipigia mstari. Halafu akanyoosha mkono kwenye chupa ya maji ya Jenoveva iliyokuwa juu ya boneti ya Landkruza.

"Soma kifuniko," alisema Jenoveva bila kugeuka.

Kifuniko kilikuwa kimeandikwa herufi J kwa wino mweusi. Jenoveva alikuwa akiziandika chupa zake zote hivyo tangu apangiwe na Ngusa, maana kijana huyo alikuwa na adabu kwa kila kitu isipokuwa maji ya watu.

Jenoveva alichuchumaa. Mvua ya jioni ilikuwa imelainisha udongo, na kutoka pale jukwaani alama za kwato zilikwenda mpaka langoni, zikatoka, zikashika njia ya kijito. Alizipima kwa kiganja. Akanusa. Akatazama nyuma na mbele, kisha akainuka na kwenda kusimama langoni. Lilikuwa lango la miguu, la bati. Alinyoosha mikono yake, viwiko vikagusa miimo yote miwili.

"Flora, ng'ombe mlimwingizaje humu?"

"Hakuingizwa. Aliundiwa humu humu. Jumamosi tulikuwa tubomoe ukuta kidogo, wageni wakiwa wanatazama."

Jenoveva aliutazama ukuta. Ulikuwa mzima.

Chini ya ukuta huo, pembeni ya safu ya magunia yaliyofungwa midomo, alikaa mlinzi Masanja na pingu zake. Askari wa kituo cha karibu walikuwa wamemkamata alfajiri na kumwacha hapo asubiri gari.

"Mzee Masanja, shikamoo. Ulisikia nini usiku?"

"Marahaba, afande. Sikusikia kitu. Nililala."

"Mlinzi analala?"

"Huwaga silali! Ila jana dada Wankyo alinibebesha magunia haya kutoka stoo, nikachoka. Alisema yanasubiri gari." Aliyatazama magunia kwa chuki. "Na asubuhi nikiyaangalia, naona kama yamezaa."

Ngusa akacheka. "Gunia linazaa, mzee? Hiyo ni pombe." Akamvuta Jenoveva pembeni. "Afande, mimi nimemaliza kesi. Kuna mnunuzi wa chupa chakavu kule Bunda, anaitwa Prosper. Flora anasema alikuja hapa mara mbili akimtaka huyu ng'ombe kwa kilo. Msanii yuko Bunda, mnunuzi yuko Bunda. Wamepatana."

"Mnunuzi wa chupa amekuja usiku," alisema Jenoveva polepole, "akakuta magunia yamefungwa tayari, yamepangwa ukutani kama yanamsubiri. Akayaacha. Akamchukua ng'ombe asiyepita mlangoni."

Ngusa alilikata neno Bunda alilokuwa ameandika.

Ndipo simu yake ikalia. Alisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni. Aliyepiga alikuwa mtendaji wa kata, upande wa Suguti. Wanaume waliokuwa wakifuata nyayo tangu alfajiri walikuwa wamefika ziwani.

Mtu asiye wa Mara huenda akashangaa. Ng'ombe akiibwa huku, mwenye ng'ombe hapigi kelele barabarani, hufuata nyayo. Zikiingia kijiji kingine, wanaume wa kijiji hicho huitwa, huonyeshwa, na kukabidhiwa. Kuanzia hapo ni zao. Ama waonyeshe zilikotokea kwenda mbele na kuzikabidhi kwa wanaofuata, ama walipe wao. Boma ambamo nyayo zimeingia na hazikutoka, ndilo lenye mwizi. Huo si mchezo, na watu wamewahi kuuana kwa nyayo zilizofutika. Asubuhi ile vijana wa Butiama walikuwa wameanza kwa utani, wakisema ng'ombe ni ng'ombe maadamu ana kwato. Lakini utani ulikabidhiwa kijiji baada ya kijiji, na kila ulipokabidhiwa ulipungua kicheko.

"Nyayo zimeingia kwa mama mmoja pale Bukisaka, mwanika dagaa, anaitwa Dorotea," alisema Ngusa. "Hazikutoka. Halafu, afande, wanasema uwanja wamekuta umefagiwa."

"Amezifagia nyayo?"

"Ndivyo wanavyosema. Jioni wanachukua maksai wake wawili. Hana jembe lingine, mume alishafariki. Na vijana wa Bukisaka nao wameshashika fimbo."

Kufagia nyayo ni zaidi ya kukiri. Jenoveva alijua babu yake angesema nini kuhusu boma kama hilo, na alijua pia kwamba hao maksai wakishavuka mto, hakuna hakimu atakayewarudisha.

"Mfungue mzee pingu," alisema. "Asiondoke hapa. Na hayo magunia yasiguswe na mtu. Twende."

*

Walikutana na Yusto kwenye kalavati la Nyakibweri.

Yusto alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji hicho, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Pamoja naye palikuwa na wanaume na wanawake walioloa matope mpaka mapajani, na kando ya barabara lundo la takataka lililofika kifuani kwa mtu: chupa, nepi, viroba, makopo ya dawa za nyanya.

"Sisi tumeshamaliza kazi yetu, afande!" alisema kabla ya salamu. "Nyayo tulizipokea, tukazitafuta, tukazikabidhi. Nyakibweri hatudaiwi."

"Mlizitafutaje?"

"Ziliingia hapo kwenye tope, chini ya kalavati. Sasa unaziona wapi na huu uchafu? Nikawaambia watu, toeni kila kitu. Kila kitu! Kijiji kikishindwa kuonyesha zilikotokea, nani analipa? Si mimi? Tumetoa tangu asubuhi, tukaziona ng'ambo ya pili."

Jenoveva alishuka. Maji yalikuwa yakipita chini ya kalavati kwa sauti, membamba lakini safi, na watoto wawili walikuwa wamekaa ukingoni wakiyatazama kama wanaotazama mgeni.

"Yalikuwa hayapiti?"

"Miaka. Masika mashamba yale yote yanafurikaga." Yusto alitazama maji, na ilionekana kwamba ndiyo kwanza anayatazama siku hiyo. "Kumbe ni hivi tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Nionyeshe nyayo."

Zilikuwa pale, kwenye tope jeusi, kama muhuri. Jenoveva alipiga magoti bila kujali sare. Ukucha wa kushoto wa ukwato ulikuwa na pengo dogo, kama kisu kilichovunjika ncha. Aliutazama uliofuata. Pengo. Uliofuata tena. Pengo, kushoto, mahali pale pale.

"Yusto, ulikuta kinyesi njiani?"

"Cha nini, na ng'ombe mwenyewe ni wa plastiki?"

"Kwa hiyo ulijua ni wa plastiki. Basi fahali mkubwa vile, wa plastiki, alivutwa na nani? Nyayo za waliomvuta ziko wapi?"

Yusto alikuna kidevu. "Tulikuwa tunatazama zinakokwenda, afande."

"Ndiyo. Sasa mkono wako uniambie, hii ni miguu mingapi ya ng'ombe?" Alimwekea vidole kwenye pengo la kwanza, la pili, la tatu. "Hii si miguu minne. Huyu ni ng'ombe wa mguu mmoja."

Yusto alitoa mluzi mrefu. Jenoveva alikuwa ameshainuka.

"Swali la mwisho. Kutoka Butiama mpaka hapa, nyayo zinaonekana wapi na wapi?"

"Siyo njia nzima. Zinapotea kwenye majani, halafu zinajitokeza penye tope. Kwanza pale nyuma ya soko. Halafu pale wanapooshea pikipiki. Halafu bustani za nyanya. Halafu hapa."

"Na hizo sehemu, zina nini?"

Yusto alifikiri. Kisha akageuka kulitazama lile lundo la kando ya barabara.

 Garini, wakianza kuondoka, Jenoveva alimaliza maji yake, akatupa chupa dirishani, akafuta tope magotini. Ngusa alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Afande, una sura ya mtu anayemjua mwizi."

"Hakuna mwizi. Kuna mtu mwenye pikipiki na mguu mmoja wa ng'ombe kutoka machinjioni. Anapita usiku, anasimama kila penye uchafu mkubwa, anagonga mihuri, anapanda, anaondoka. Alama za pikipiki hakuna anayezitazama, bodaboda ziko kila mahali. Anajua watu wa Mara hawaji kwenye usafi hata ukiwapigia ngoma, lakini nyayo za ng'ombe watazifuata mpaka ndani ya tundu la fisi."

"Na ng'ombe mwenyewe?"

"Mzee Masanja alikwambia. Magunia yalizaa."

Ngusa alikanyaga breki bila kukusudia. "Amefunguliwa?"

"Kitu cha takataka ukikifungua kinakuwa nini? Kiko pale pale ukutani, tumemfunga mtu pingu pembeni yake." Jenoveva alitikisa kichwa. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wajanja wengi, wa kughushi hati, wa kuficha maiti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya atake kupiga makofi. Huyu alitaka kumpigia. Alitaka pia kumtia ndani, kwa sababu ya mama asiyemjua aliyekuwa anakaribia kupoteza jembe lake. "Kanyaga mafuta. Wankyo hakupanga nyayo ziishie kwa mjane. Kuna kitu kimeharibika."

*

Maksai walikuwa wameshafunguliwa zizini. Mmoja mweusi, mmoja wa madoa, wamefungwa kwenye mti uani, wakitafuna kwa utulivu kama mashahidi wasiohusika. Vijana wa vijiji viwili walikuwa wamesimama pande mbili za uwanja, na katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Dorotea mwenyewe, mikono imelegea mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa amefika mahali pa baada ya kulia.

Kasmiri, mwenyekiti wa kitongoji, alimpokea Jenoveva kwa heshima ya mtu aliyekwisha kuamua. "Karibu, afande. Umefika kushuhudia tu. Nyayo zimeingia hapa, sisi wenyewe tumeziona pale mlangoni. Hazikutoka. Na yeye kafagia. Huyu ni shemeji yangu, lakini mila ni mila."

Jenoveva alichuchumaa mbele ya ndoo.

"Mama, ulifagia saa ngapi?"

"Kabla hakujapambazuka vizuri, mwanangu. Nafagiaga kila siku." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mchanga ukiingia kwenye dagaa, nani ananunua? Niulize wote hawa, nani amewahi kuuma mchanga kwenye dagaa zangu? Mimi nilifagia, nikaanika. Sikuona nyayo, kulikuwa na giza. Sasa wanasema nimeficha. Ng'ombe wa chupa! Ningempeleka wapi, nimkamue soda?"

Kijana mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa kiwiko.

Uwanja wote ulikuwa umetandikwa nyavu, na juu ya nyavu dagaa waling'aa kwa jua. Ni uwanja gani wa mwanika dagaa ambao haufagiwi alfajiri? Mtu wa ziwani angelikumbuka hilo. Aliyepanga nyayo hakuwa wa ziwani. Alikuwa wa boma, kama Jenoveva mwenyewe, na katika boma uani hapafagiwi mpaka ng'ombe watoke.

"Ulifagia kuelekea wapi?"

"Kuelekea minyaa. Kule nyuma."

"Kuna mtu aliyetafuta nyuma ya minyaa?"

"Ya nini?" alisema Kasmiri. "Nyayo zilizofagiwa hazitafutwi. Zimeshajibu."

Jenoveva alizizunguka zile nyavu za dagaa kwa uangalifu, asikanyage hata mmoja. Nyuma ya ua wa minyaa ardhi iliteremka kwenye mchanga wa ufukwe uliolowana. Alitembea akiwa ameinama. Kundi lote likamfuata mpaka alipoinua mkono.

"Mwenyekiti, njoo. Usikanyage. Unaona nini?"

Kasmiri alitazama chini. Ukwato, na pengo dogo upande wa kushoto.

"Zimetoka," alisema Jenoveva kwa sauti ya kusikika na wote. "Nyayo zimetoka kwa Dorotea. Semeni."

Walitazamana. "Zimetoka," alisema Kasmiri mwishowe, na mtu mmoja nyuma akashusha fimbo yake.

Nyayo zilikwenda mpaka kwenye majabali makubwa ya ufukweni, yale ya mviringo yaliyopandana. Jenoveva aliyapanda akitweta, na alipofika juu alisimama ghafla.

Kichwa cha fahali kilikuwa kimewekwa juu ya jabali la mwisho, maji yakipiga chini yake. Hakikutazama ziwa. Kilitazama nchi kavu, kule kijito kilikotoka, vilima vya Butiama vikiwa vya buluu kwa mbali. Pembe zake zilikuwa za mipira myeusi iliyosukwa, na macho, vifuniko viwili vya soda vyenye kutu, yalikuwa na uchovu wa mnyama aliyetembea sana. Picha ya simu haikuwa imesema hata nusu. Jenoveva alikuwa ameona vichwa vya ng'ombe maisha yake yote, na kwa kitambo kidogo alisahau kwamba huyu ni wa uchafu. Kilikuwa kizuri kupita kiasi, na kilimlaumu mtu bila kumtukana.

Kivulini, pembeni ya pikipiki iliyofunikwa turubai, alikaa mwanamke mwembamba wa makamo ya Jenoveva, midomo imekauka.

"Nimewasubiri tangu asubuhi," alisema. "Mmechelewa."

"Wankyo, walikwama kwa mwanika dagaa. Alifagia uwanja."

Wankyo alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wanamfanya nini?"

"Maksai wake wawili wamefungwa uani. Walikuwa wanaondoka nao jioni."

 Wankyo aliteremka majabali kwa mbio, viatu vikibaki nyuma, akachanganyika na watu bila kuona fimbo wala nyuso, mpaka akafika mbele ya Dorotea na kupiga magoti kwenye mchanga, karibu na dagaa.

"Mama, nisamehe. Nyayo ni zangu mimi. Sikujua kwamba unafagia mapema. Nilipanga wapite tu, wanifikie kule. Nisamehe sana."

Kisha akatoa mkobani ukwato mmoja mkavu uliofungwa kwenye kijiti, akaugonga mchangani. Pengo upande wa kushoto.

Makelele yalilipuka. Vijana walianza kucheka, wengine kutukana. Kasmiri alinyoosha fimbo. "Umetufanya wajinga! Vijiji vizima, tangu alfajiri, tunafuata kipande cha mguu!"

"Mwenyekiti, niliitisha usafi wa kijito mara ngapi?" Wankyo alisema akiwa bado amepiga magoti. "Nimekuja hapa Bukisaka kwa barua, nikaja kwa kipaza sauti. Nani alikuja? Alikuja Dorotea na wenzake wawili. Leo mmekuja wote. Mmetoa uchafu wa kalavati kwa mikono, mkautoa kwenye bustani, mkautoa pale wanapooshea pikipiki. Sikuwadanganya. Nyayo ni za kweli. Hiyo ni njia anayopita huyu mnyama kila masika, kutoka kwetu juu mpaka kwenye nyavu zenu. Mimi nimemwekea kwato tu ili mmuone."

 Jenoveva alitazama nyuso. Alikuwa amezoea kutafuta uongo usoni mwa watu, na kitu alichokiona sasa kwenye nyuso zile hakikuwa na jina kwenye fomu zake. Walikuwa wanahesabu, kila mtu kimoyomoyo, alichokitoa kijitoni kwa mkono wake asubuhi hiyo.

Vijana wawili walikuwa wamekibeba kile kichwa kutoka majabalini. Walikiweka chini mbele ya Dorotea. Mama yule aliinama, akakigusa sikio la kushoto.

"Hili beseni langu," alisema. "La buluu. Lilipasuka mwaka juzi, nikalitupa."

Kicheko kilianza kwake. Kilikuwa cha kukwaruza, kikapanda, kikawafikia wengine, mpaka Kasmiri mwenyewe akageuka pembeni kuficha mdomo. Dorotea aliinuka kwenye ndoo yake, akaenda kwenye ule mti, akafungua kamba za maksai kwa mikono yake. Hakuna aliyemzuia.

"Afande," alisema Kasmiri, "huyu utamfunga?"

"Kwa kosa gani? Ng'ombe ni wake, mtu hajiibii. Aliyeripoti wizi ni Flora, naye aliamini ni kweli. Mlinzi aliyefungwa pingu, Wankyo atamwomba radhi mwenyewe." Alimgeukia Wankyo. "Lakini mama huyu alikaa juu ya ndoo kutwa nzima akiwaaga maksai wake. Sheria yangu haina kifungu cha hilo. Mila yenu inacho?"

Wazee walinong'ona. Kasmiri akatoa hukumu: Wankyo atazirudisha nyayo kwa miguu yake, si kwa pikipiki, kijiji kwa kijiji mpaka Butiama, na kila kijiji atakieleza zilikotoka. Na Jumamosi yule fahali hatasimama Butiama. Atasimama hapa, uani kwa Dorotea.

"Nimekubali," alisema Wankyo, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. "Anafunguka, mwenyekiti. Atakuja kwa magunia."

"Mbali na dagaa," alisema Dorotea.

*

Jua lilikuwa limeelekea kuzama walipofika tena kalavati la Nyakibweri. Ngusa alikuwa akiimba. Jenoveva alikuwa akitunga maneno ya kumwambia mkuu wake, maneno ambayo yangemfanya aache kucheka, alipoona barabara imezibwa na watu.

Yusto alisimama mbele, watu wake nyuma yake. Lundo lilikuwa limeshapakiwa kwenye mkokoteni. Maji yalikuwa bado yanapita.

"Kuna nini tena?" aliuliza Jenoveva akishuka.

"Afande, tumepata nyayo mpya." Sauti ya Yusto, safari hii, haikuwa ya kuita ng'ambo. Ilikuwa ya adabu kabisa. "Kijito tumeshakisafisha, sote tumeona kilikuwa safi. Baada ya muda tunakuta kitu. Tukatafuta kimetoka wapi. Tukaona alama za tairi, pana, za gari kubwa. Zimesimama hapa, zikaondoka kuelekea ziwani. Leo gari limepita moja tu."

Alinyoosha mkono. Kiganjani alikuwa na chupa ya maji, tupu. Kifuniko kilikuwa kimeandikwa herufi J.

Ngusa alikohoa, akageuka haraka kutazama vilima.

Jenoveva aliitazama chupa. Alitafuta neno la kipolisi, akatafuta cheo chake, akatafuta hata hasira, akakosa vyote. Watu wa Nyakibweri walisubiri bila fujo, kama wanavyosubiri watu wanaojua mila. Nyayo zilikuwa zimeingia kwake na hakuwa na pa kuonyesha zilikotokea.

Alipokea chupa kwa mikono miwili.

"Nimezipokea," alisema.